Iago alitaka nini hasa: cheo, mke, au roho mbaya tu?

Mwalimu_Tororo
Salaam wanajukwaa. Nafundisha fasihi S.5 na S.6 (sekondari ya juu), na kila tunapofika kwenye Othello ya Shakespeare darasa linagawanyika kwa swali moja: Iago alitaka nini? Kwa asiyeisoma: Othello, Mmoor (Mwafrika) aliye jenerali wa Venice, amemwoa Desdemona; Iago, mshika bendera wake na mume wa Emilia, anamdanganya kwamba Desdemona analala na Cassio, akitumia leso ya Desdemona kama ushahidi, mpaka Othello anamuua mkewe. Nautoa msimamo wangu mapema ili mnipinge. Ni cheo. Soma mwanzo kabisa wa tamthilia. Kabla hatujasikia habari ya mke wala ya leso, Iago anamlalamikia Roderigo, tajiri anayemtaka Desdemona, kwamba wakubwa watatu wa Venice walikwenda kumwombea uluteni kwa Othello, wakamvulia kofia, naye akawazungusha kwa maneno mengi ya kivita, kisha akawaambia ameshachagua mtu wake. Mtu huyo ni Michael Cassio wa Florence, ambaye Iago anamwita bingwa wa hesabu asiyewahi kupanga kikosi uwanjani. Iago mwenyewe amepigana Rhodes na Kupro mbele ya macho ya Othello, na bado anaachwa kuwa mshika bendera. Halafu anatamka jambo ambalo mtumishi yeyote hapa Uganda atalielewa bila kufafanuliwa: siku hizi watu hupanda kwa barua na kujuana, si kwa zamu ya utumishi. Yote anayoyasema baadaye nayaona ni sababu za nyongeza.

Nuru_Jinja
Mwalimu, cheo alikipata! Tendo la tatu, onyesho la tatu, mwishoni kabisa, Othello anamwambia: sasa wewe ndiwe luteni wangu. Iago anajibu kwamba yeye ni wake milele. Kama kiu ilikuwa ya cheo, hapo ingekatika. Cassio ameshavuliwa madaraka, yeye ameshapanda. Lakini baadaye ni Iago huyo huyo anayemshauri Othello asitumie sumu, amnyonge Desdemona kwenye kitanda kile kile anachodai kimechafuliwa. Anamuua mwanamke huyo apate cheo gani tena?

AfandeMstaafu
Habari zenu. Nimevaa magwanda tangu ujana wangu, kwa hiyo niruhusuni niseme na Nuru. Wewe unadhani aliyerukwa anataka nafasi tu. Sivyo. Katika kikosi kimoja ambacho sitakitaja, nilimwona sajini aliyerukwa na kijana aliyetoka masomoni. Aliacha kumpigia saluti mpaka aamrishwe. Baadaye naye alipewa nyota alizozitaka, na bado chuki haikupungua, ikawa kubwa zaidi, kwa sababu sasa alikuwa na uwezo wa kuitumia. Kupandishwa kwa kuchelewa hakufuti ile siku jina lako lilipokosekana kwenye orodha.

Tena wengi hapa mnasoma neno luteni mkidhani ni yule ofisa mdogo wa leo. Luteni wa Othello ni mtu wa pili baada ya jenerali. Jenerali akianguka, yeye ndiye anayeshika jeshi, na ndivyo inavyokwenda mwishoni: Othello anapoitwa arudi Venice, Cassio anaachiwa Kupro nzima. Askari mzee kama Iago, aliyekula vumbi miaka yote hiyo, hawezi kulimeza hilo.

Nuru_Jinja
Afande heshima yako, ila Iago si mzee. Anamwambia Roderigo mwenyewe kwamba ameutazama ulimwengu miaka saba mara nne. Ana miaka 28.

AfandeMstaafu
Miaka 28 na vita viwili mgongoni. Kwa askari huo ndio umri wa kuungua zaidi, maana bado unaona mbele kuna nafasi.

BodaMkongwe
Mnazunguka mbali jamani. Jibu amelitoa Iago mwenyewe. Watu mitaani wanasema Othello amelala na mke wa Iago. Mwanamume akisikia hivyo unamtafutia sababu nyingine ya nini? Anasema hatatulia mpaka walingane, mke kwa mke. Hapo stejini kwetu pa bodaboda tumeona watu wakichomeana pikipiki kwa uvumi mdogo kuliko huo.

KijanaMbale
Lakini mzee, sentensi inayofuata umeiacha. Anasema hajui kama ni kweli, ila kwa tuhuma tupu atatenda kana kwamba ana uhakika. Mtu mwenye uchungu wa kweli wa ndoa husema hivyo? Tena baadaye anamtuhumu na Cassio kwamba amevaa kofia yake ya kulalia. Kila mwanamume anayemchukia amelala na mke wake! Mimi naona anajitungia. Anatafuta sababu papo hapo mbele yetu watazamaji, na hakuna mtu mwingine katika tamthilia aliyewahi kusikia tuhuma hiyo.

MamaSuleh_Kisenyi
Kijana, hapo mwisho sikubaliani nawe. Yupo aliyesikia, naye ni mkewe. Tendo la nne, onyesho la pili, Desdemona ameshaitwa malaya na mumewe, Emilia anawaka kwa hasira kwamba lazima kuna mlaghai aliyemtia Othello maneno, kisha anamgeukia Iago: mtu wa aina hiyo hiyo ndiye aliyekupindua akili ukanidhania mimi na Mmoor. Iago anamjibu haraka kwamba ni mpumbavu, aende zake. Kwa hiyo ugomvi huo uliingia nyumbani mwao kabla ya mambo haya kuanza. Huenda hauna ukweli, lakini hakuutunga kwa ajili ya watazamaji. Na mwone Emilia alivyo karibu na kweli: anasema mlaghai huyo ametunga uongo ili apate cheo. Anamweleza muuaji mbele ya uso wake bila kujua.

Mwalimu_Tororo
Asante Mama Suleh, umenitetea. Hata mke wake anafikiri cheo.

MamaSuleh_Kisenyi
Sijakutetea Mwalimu, subiri kidogo. Mimi nasema ni husuda. Sisi tuliosoma madrasa tulifundishwa tangu utoto kujikinga kwa Mola na shari ya hasidi anapohusudu. Iko kwenye Suratul Falaq, sura fupi ambayo kila mtoto anaihifadhi. Hasidi hataki chako kiwe chake. Anataka wewe usiwe nacho, hata kama yeye hatapata kitu. Ndiyo maana swali la Nuru, kwamba cheo alikipata mbona hakuacha, halimsumbui anayemjua hasidi. Tendo la tano, Iago yuko gizani barabarani anasubiri Cassio auawe, anasema juu yake: katika maisha yake kuna uzuri wa kila siku unaonifanya mimi nionekane mbaya. Hapo hazungumzi na Roderigo wala hamdanganyi mtu, yuko na nafsi yake. Mimi ningetupa maneno yake mengine yote nikabaki na hayo.

Nina jirani ambaye duka lake lilikuwa linauza vizuri kuliko la mwenzake. Mwenzake alitangaza kwamba unga wa pale una wadudu. Wateja walipoacha kununua kule, hawakuhamia kwake, walienda soko jingine. Yeye aliridhika kabisa. Nilimwona kwa macho yangu akikaa na kufurahi dukani kwake kukiwa hakuna mteja hata mmoja.

Wakili_Entebbe
Mama Suleh, hoja ni nzuri, ila sentensi ulizozitaja zina mwenzake. Katika pumzi ile ile anasema Mmoor anaweza kumfichulia Cassio aliyoyasema, na hapo yeye atakuwa hatarini sana. Na kabla ya hapo anapiga hesabu ya Roderigo: akibaki hai atadai arudishiwe dhahabu na vito ambavyo Iago alimlaghai akisema anampelekea Desdemona zawadi. Mimi kazini hufuata pesa. Mbona hakuna aliyeitaja? Katika tendo la kwanza Iago anarudia kumwambia Roderigo atie pesa mfukoni, tia pesa mfukoni, mpaka mtu anauza ardhi yake yote. Akishaondoka, Iago anatuambia wazi kwamba hivyo ndivyo anavyomgeuza mjinga kuwa mkoba wake. Hapa tuna mshahara mdogo wa mshika bendera na tajiri asiye na akili. Utapeli ule ulikuwepo kabla ya chuki, na ili uendelee ilibidi Roderigo aamini kwamba ndoa ya Othello itavunjika.

Kwa hiyo jibu langu kwa Nuru kuhusu kwa nini hakuacha alipopata uluteni: hakuweza. Othello akiongea na Cassio kwa dakika tano tu, Iago amekwisha. Mhalifu anaweza kuanza kwa sababu moja na kuendelea kwa sababu nyingine.

Nuru_Jinja
Hiyo ya kuanza na kuendelea naikubali. Ya pesa hapana. Anasema mwenyewe asingepoteza muda na mjinga yule isipokuwa kwa burudani na faida. Burudani ameitaja kwanza.

KijanaMbale
Na rangi je? Tumefika mbali hivi bila mtu kusema. Othello ni Mwafrika kati ya wazungu. Iago usiku wa kwanza anampigia kelele baba wa Desdemona chini ya dirisha kwamba kondoo dume mzee mweusi anampanda kondoo wake mweupe. Anamwita mwenye midomo minene. Haya mambo ya cheo na mke ni kisingizio, chuki ni ya rangi.

Nuru_Jinja
Midomo minene ni maneno ya Roderigo, si ya Iago. Ya kondoo ndiyo yake.

KijanaMbale
Ya kondoo yanatosha.

MsomaMengi_Makerere
Kijana ana wenzake wakubwa. Hapa hapa Makerere alifundisha Murray Carlin, naye aliandika tamthilia inayoitwa Not Now, Sweet Desdemona, ikachapishwa 1969: mwigizaji mweusi na mwigizaji mzungu, wapenzi, wako kwenye mazoezi ya Othello na wanagombana kuhusu maana yake. Humo mna hoja kwamba Othello ni tamthilia ya rangi na si kitu kingine. Uganda ilikuwa na uhuru wa miaka michache tu, na swali hili la Kijana tayari lilikuwa jukwaani.

Lakini sikilizeni na upande wa pili. Mwaka 2015 kampuni ya Royal Shakespeare ya Uingereza ilimpa nafasi ya Iago Lucian Msamati, mtu mweusi, mzaliwa wa London wa wazazi Watanzania, aliyekulia Zimbabwe. Othello alikuwa Hugh Quarshie, naye mweusi. Sasa chuki ya rangi iende wapi? Iago mweusi anamtazama mkubwa wake mweusi akimruka na kumchukua kijana mzungu wa Florence. Maneno hayakubadilika, ila maumivu yanahama kabisa.

MchezaJukwaa_Kla
Hilo la Msamati linanifurahisha sana, maana sisi huku tukiigiza tunalo daima. Iago, Cassio, Othello, wote ni watu weusi tu, na rangi inabidi tuitafutie mwili mwingine. Niliwahi kumwona Othello aliyefanywa mtu wa kaskazini aliyekuja na jeshi, akaoa binti wa ukoo mkubwa wa Buganda. Ukumbi ulielewa kabla hajafungua mdomo. Baba wa binti alipouliza binti yangu amelogwa au vipi, watu walipiga makofi kwa uchungu. Kwa hiyo Kijana, kinachomfanya Othello awe mgeni kinaweza kuwa rangi, kabila, lafudhi. Iago anakipata na kukibonyeza. Swali ni kama anakichukia au anakitumia tu.

Na watazamaji wa Kampala hawakai kimya. Wakati wa lile onyesho la leso mama mmoja alisimama akapaza sauti kwa Kiswahili, wewe jenerali, muulize mkeo! Mwigizaji wa Iago alimtazama moja kwa moja akatabasamu. Ukumbi mzima ulipandwa na hasira.

BodaMkongwe
Ningekuwepo ningemrushia kiatu.

MsomaMengi_Makerere
Tabasamu hilo ndilo nililotaka kulifikia. Coleridge, mshairi Mwingereza, alipokuwa akisoma hotuba ya Iago mwishoni mwa tendo la kwanza aliandika kwamba tunachokiona ni uovu usio na sababu ukienda kuwinda sababu. Watu wengi wanaishia hapo. Mimi napenda zaidi alichosema mhakiki A. C. Bradley katika kitabu cha 1904: kwamba Iago ana njaa ya kuhisi ubora wake. Kila mtu anamwita mwaminifu, anamtuma, anampita, na yeye anajua ana akili kuwashinda wote. Kuwachezesha ndiko kunakompa raha. Ushahidi upo: asubuhi baada ya kumlevya Cassio na kumfukuzisha kazi, amekesha, anashangaa kumepambazuka, anasema raha na kazi hufanya saa ziwe fupi. Hayo ni maneno ya mtu anayefurahia kazi yake.

AfandeMstaafu
Hapo umenigusa. Ongeza na hili: vita havikutokea. Walisafiri kwenda Kupro kupigana na Waturuki, dhoruba ikawazamisha Waturuki, basi. Jeshi limefika kisiwani halina adui. Othello anatangaza sherehe. Askari aliyejiandaa kuua, akakosa wa kumuua, akiwekwa kambini na pombe na kinyongo, ni hatari kuliko aliye mstari wa mbele. Sisemi hiyo ndiyo sababu. Nasema bila hiyo mambo yasingekwenda kasi vile.

Wakili_Entebbe
Mbona aliyapanga kabla ya dhoruba? Tendo la kwanza bado wako Venice.

AfandeMstaafu
Alipanga. Wengi hupanga. Ni kambi iliyompa nafasi.

KijanaMbale
Nimesoma mahali kwamba Shakespeare aliandika 1622. Kwa hiyo alikuwa anajibu mambo gani ya wakati huo?

MsomaMengi_Makerere
1622 ndipo ilipochapwa mara ya kwanza, Shakespeare ameshafariki tangu 1616. Ilichezwa mbele ya Mfalme James tarehe 1 Novemba 1604 katika jumba la Whitehall. Hadithi yenyewe aliichukua kwa Mwitaliano Cinthio, iliyochapwa 1565, na hapo kuna jambo ambalo linapaswa kuwatikisa wote hapa. Kwa Cinthio mshika bendera ana sababu moja, safi, isiyobishaniwa: anampenda Desdemona. Hakutazamwa hata kidogo, akadhani ni kwa sababu anampenda yule ofisa mwingine, mapenzi yakageuka chuki. Hakuna malalamiko ya cheo. Hakuna tuhuma za mkewe na Mmoor. Leso anaiiba mwenyewe, Desdemona akiwa amempakata mtoto wa mshika bendera.

Shakespeare alikuwa na sababu hiyo mkononi, tayari. Akaiondoa. Akabakiza mstari mmoja tu, Iago anaposema kwamba naye anampenda Desdemona, tena si kwa tamaa tupu bali kulisha kisasi chake. Mwandishi aliyetaka tujue sababu hafanyi hivyo. Aliweka sababu nne dhaifu mahali pa moja yenye nguvu.

Mwalimu_Tororo
Unasema dhaifu. Mimi nasema Shakespeare alilijua jumba la kifalme, ambako watu walikosa vyeo kila siku. Aliona mapenzi ni sababu ya hadithi, cheo ni sababu ya maisha.

Nuru_Jinja
Mwalimu hashukishwi! Sawa, lakini hata mimi sijaridhika na hii ya kwamba hakuna sababu. Ni kama kumwachia.

MchezaJukwaa_Kla
Kwa mwigizaji haiwezekani. Huwezi kuingia jukwaani ukiwa na uovu usio na sababu, utafanya nini na mikono? Lazima uchague. Mwaka 1938 Laurence Olivier alipomcheza Iago kule Old Vic, ukumbi wa London, yeye na mwelekezi Tyrone Guthrie walikwenda kumwona Ernest Jones, daktari wa mambo ya nafsi mfuasi wa Freud, akawaambia Iago anampenda Othello bila kujijua. Wakalichukua, ila Ralph Richardson aliyekuwa Othello hawakumwambia. Jukwaani mmoja anacheza tamthilia hii, mwenzake anacheza nyingine.

BodaMkongwe
Hilo silikubali.

MchezaJukwaa_Kla
Usilikubali, lakini angalia wanavyopiga magoti pamoja mwishoni mwa onyesho la leso na kula viapo. Kinafanana sana na kiapo cha ndoa.

MamaSuleh_Kisenyi
Kinafanana na ndoa kwa sababu ameivunja moja na kukaa mahali pake. Hasidi tena.

Msomaji_Gulu
Nimefuata kimya tangu juu, asanteni. Mnauliza swali ambalo Othello mwenyewe aliuliza. Mwishoni, Iago amekamatwa, Othello anaomba wamuulize nusu-shetani huyu kwa nini amemnasa roho na mwili. Naye anajibu: msiniulize kitu, mnachokijua mnakijua, kuanzia sasa sitasema neno. Wanamtisha kwa mateso, hafungui mdomo. Mtu huyu ana maneno mengi kuliko Othello mwenyewe katika tamthilia hii, na ndiye anayenyamaza.

Huku kwetu kaskazini baada ya vita tumekaa na watu walioulizwa swali hilo hilo, kwa nini. Mimi nilikaa kwenye vikao vya wazee vya mato oput, ile mila ya Waacholi ya upatanisho. Aliyetenda hudaiwa aseme ndipo apokewe, na anayesikiliza hutaka sababu moja inayolingana na kilichopotea. Sikuwahi kuisikia iliyolingana. Wengine walisema waliamriwa, wengine walikuwa na njaa, wengine chuki ya zamani ya kijijini. Zote zilikuwa kweli, na mama wa marehemu hakutosheka. Naona Iago aliwanyima Othello na wengine hata kile kidogo, na hilo ni tendo lake la mwisho la ukatili, kubwa kuliko leso.

AfandeMstaafu
Pole sana ndugu wa Gulu. Nimekusoma mara mbili.

Wakili_Entebbe
Nashukuru kwa hilo, Msomaji. Mtuhumiwa ana haki ya kunyamaza, na sisi mawakili huwaambia hivyo. Lakini sijawahi kufikiria kunyamaza kunavyoonekana kutoka kiti cha wafiwa.

Nuru_Jinja
Kabla uzi haujashuka, kuna jambo ambalo hamjaligusa. Emilia anapookota leso anasema mumewe amembembeleza mara mia aiibe. Mara mia lini? Emilia anawekwa kumhudumia Desdemona usiku ule wa baraza la Venice, Othello anapomkabidhi Desdemona kwa Iago wamsafirishe. Kabla ya hapo hatuna ushahidi kwamba alikuwa karibu na mali za Desdemona. Basi ni kwenye meli, na siku ile moja Kupro. Alikuwa anaitaka leso njia nzima ya baharini, kabla Cassio hajalewa, kabla hajapigana na mtu.

Mwalimu_Tororo
Lakini wakishatua Kupro anasema mpango uko kichwani ila bado umevurugika. Kama hajui atafanya nini, leso ilikuwa ya nini?

Nuru_Jinja
Ndiyo ninachouliza. Nani ana nakala ya 1622 na ile ya 1623, ya mkusanyiko wa tamthilia za Shakespeare, alinganishe hapo?